Vita vya Vitufe Viwili na Mafua ya Miezi Saba

Enyi mlioketi na enyi mliosimama, enyi wenye masikio mazima na enyi wenye kutegea sikio moja, sogeeni! Punguzeni redio, ipueni sufuria, mpakateni anayelia. Leo inasimuliwa habari kuu ambayo haijapata kutamkwa na kinywa cha binadamu tangu mbingu zilipotandazwa juu na ardhi ikawekwa chini yake. Naam, haijapata kutamkwa, maana ilitokea Jumatano iliyopita, na wengi mlikuwa na shughuli zenu. Humu mna ngome iliyozingirwa, mna usaliti wa ndani ya nyumba, mna jemadari aliyekwenda vitani na vidole vya baridi yabisi. Damu nayo imo, tone moja, la kidole, na lilikuwa kosa la wembe.

Alikuwako basi mwanamke shujaa, Bibi Sindano, binti wa futi na mkasi, Mpasua Majora, Mshona Mapindo Yasiyofumuka, ambaye kwa miaka arobaini na mitatu alikanyaga pedeli ya cherehani hata sakafu ikaingia shimo chini ya mguu wake wa kulia. Mtaa mzima ulivaa mkono wake. Hakuna kiuno asichokipima, wala siri ya kiuno aliyoitoa. Lakini mtoto wa jicho, adui asiyepiga hodi, alimshushia pazia jeupe jicho la kulia, kisha, kwa kuona amekaribishwa, akashusha na la kushoto. Bibi Sindano akawa anaiona dunia kama mtu aliyejifunika chandarua. Rangi alizijua, watu aliwatambua kwa mwendo. Herufi za simu, zile ndogo kama mayai ya chawa, zilimtoroka zote kwa siku moja, hazikuaga.

Naye alikuwa na dada. Katika watoto sita wa tumbo moja walikuwa wamebaki wawili, yeye na Dada Mkubwa, aliyekaa mji mwingine, safari ya basi ya asubuhi hadi alasiri. Na huyo Dada Mkubwa masikio yake yalikuwa yamefunga duka. Ukimpigia simu hupokea, hupaza sauti, "Ee? Ee? Nani?", kisha hukukatia kwa hasira kwamba wewe ndiye huongei. Kwa hiyo aliandika. Mmoja haoni, mmoja hasikii. Baina yao ilibaki njia moja tu nyembamba, ujumbe wa simu. Na katika lango la njia hiyo, kama askari wa zamu asiyeondoka hata kwenda chooni, aliketi Mzee Miwani.

Mzee Miwani alikuwa mume wa Bibi Sindano, karani mstaafu wa stoo, Mlinzi wa Herufi, mtu pekee wa nyumba ile aliyeweza kusoma, kwa msaada wa miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa waya. Watoto wao waliishi mbali na walipiga simu za kuongea. Na nani atabisha hodi kwa jirani kuomba asomewe, ilhali ana mume? Simu ikitetemeka, Mzee Miwani huifuta miwani kwa shati, hukohoa kama anayetaka kusoma taarifa ya habari, hutazama kioo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

"Nani?" huuliza Bibi Sindano.

"Dada yako."

"Anasemaje?"

"Anakusalimia. Mafua yamembana."

"Bado tu?"

"Mafua ya siku hizi, mke wangu, si kama yale ya zamani."

"Mbona simu imetetemeka mara nne kwa salamu moja?"

"Mtandao huo."

Ikawa hivyo mwezi wa kwanza, na wa pili, hata wa saba. Mwanzo Bibi Sindano alimhurumia dada yake. Kisha akamshangaa. Kisha, na hapa msicheke, akaumia. Kila mwaka Dada Mkubwa alikuja kukaa naye wiki tatu. Safari hii hakuja, wala hakutaja kuja. Bibi Sindano alikuwa amemshonea foronya kwa kupapasa, maua yake yakaenda upande kidogo, akaikunja akaiweka kabatini. "Kama amenichoka aseme," alimwambia mumewe. "Mafua gani hayaishi?" Mzee Miwani akatazama dirishani.

Ndipo ikafika Jumatano ile. Bibi Sindano akaondoka kwenda kliniki ya macho kuulizia tarehe yake ya kupasuliwa, akaondoka peke yake, kwa kuwa Mzee Miwani alikuwa na goti ambalo huuma siku za safari tu. Akafika, akasogea mpaka kwenye meza ya mapokezi.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya mwanamume. "Kiti kiko kushoto kwako, hatua mbili."

"Marahaba baba. Umejuaje kama mimi ni mama?"

"Viatu vyako vinakanyaga bila kuomba radhi."

Bibi Sindano akaketi, akamkazia macho. Akaona miwani nyeusi, akaona uso ulioelekea ukutani.

"Baba, usinichukie. Na wewe huoni?"

"Tangu kuzaliwa."

"Na hapa umefanya kazi miaka mingapi?"

"Huu wa tisa."

Bibi Sindano akaushika mkoba wake vizuri, akajiandaa kuondoka. Kama mtu wao wenyewe wameshindwa kumponya kwa miaka tisa, yeye wa kuja na kuondoka watamweza?

Mpokezi akacheka hadi meza ikatikisika. "Keti mama! Mimi napokea watu na simu. Macho wanayashughulikia chumba cha ndani."

Wakati huo kitu mezani kikaropoka maneno mfululizo, mbio mbio.

"Nani huyo anaongea kama anafukuzwa?"

"Simu yangu. Inanisomea ujumbe."

"Wote?"

"Wote. Haina adabu hata kidogo, haifichi neno. Na yako pia inaweza, mama. Simu zote hizi za kupangusa zina sauti ndani yake. Imelala tu, inangoja kuamshwa."

Enyi wasikilizaji, kuna maneno ambayo mtu akiyasikia moyo husimama wima kama mlinzi aliyesikia hatua. Bibi Sindano akaitoa simu mkobani, akaiweka magotini, akanena kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Ewe kijibati kilichokula siri zangu miezi saba! Leo utanitapikia yote, herufi kwa herufi, au mmoja wetu hatarudi nyumbani!"

"Mama, taratibu," akasema Mpokezi. "Pembeni kuna vitufe viwili, cha kuongeza sauti na cha kupunguza. Vibonyeze pamoja, uvishikilie nikihesabu tatu."

Lakini vitufe havikuonekana wala kupapaswa. Simu ilikuwa imevaa deraya. Bibi Sindano mwenyewe aliishonea mfuko wa jinzi uliobakiza kioo tu wazi, pamba katikati, mshono juu ya mshono, baada ya Mzee Miwani kuiangusha mara mbili. Na mapindo yake, mnakumbuka, hayafumuki. Sasa shujaa akawa ameizingira ngome aliyoijenga kwa mkono wake. Je, alilia? La hasha. Alitoa wembe wa kufumulia, maana mshonaji hatembei bila wembe, akaanza kukata uzi mmoja mmoja akipapasa kwa kidole, huku watu wa foleni, wenye jicho moja zima na wenye bandeji, wakisogeza viti wapate kuona kadiri walivyoweza. Hapo ndipo damu ilipomwagika, lile tone. Akalinyonya, akaendelea. Pindo likaachia. Foleni ikashusha pumzi.

Shambulio la kwanza likashindwa. Vidole vyenye baridi yabisi viliteleza, kimoja kikatangulia, kikakandamiza kitufe cha kuongeza sauti peke yake mpaka sauti ikafika kileleni. Likumbukeni hilo. Shambulio la pili, kioo kikazimika.

"Acha mama, nesi atakusaidia," akasema bibi mmoja mwenye bandeji ya jicho.

"Nimesaidiwa miezi saba," akajibu Bibi Sindano. "Leo nimeshiba."

Akatumbukiza mkono mkobani, akatoa silaha ya mababu wa ufundi wake: subana mbili, vile vikofia vya chuma vya kukinga kidole na sindano. Akazivika kwenye kidole gumba na cha shahada, akakaza vitufe vyote viwili kama mtu anayebana pua ya mkorofi.

"Moja," akahesabu Mpokezi.

"Mbili," ikaitikia foleni.

"Tatu!" wakapiga kelele wote, na daktari akachungulia mlangoni kujua nani amekufa.

"Sauti imewashwa," ikasema simu.

Msidhani vita vimekwisha. Simu iliyoamshwa ina sheria zake: ukigusa mara moja inasoma, ukitaka ifungue lazima ugonge mara mbili upesi. Bibi Sindano akavua subana, akagusa. "Ujumbe," ikatamka simu. Akagonga. Akagonga tena. Hola.

"Upesi zaidi, mama. Ta-ta."

"Ta. Ta."

"Hao ni watoto wa miaka miwili tofauti. Mimi nataka pacha."

Akajaribu mara tisa. Jasho likamtiririka. Ndipo chini ya kiti, bila kutumwa na mtu, mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga sakafu, ule mwendo wa miaka arobaini na mitatu, taka-taka, taka-taka. Na kidole kikausikia mguu, kikaufuata. Taka-taka! Lango likafunguka.

Na kwa kuwa sauti ilikuwa kileleni, kliniki yote ikasikia.

"Dada Mkubwa: Mdogo wangu, nimeshafunga mizigo. Nije Jumamosi? Wewe: Usije dada. Nyumba imeingia kunguni."

Foleni ikasogeza viti tena.

"Dada Mkubwa: Bado tu hao kunguni? Mwezi wa nne huu. Wewe: Wameongezeka. Dada Mkubwa: Au umenichoka? Niambie tu. Wewe: Kunguni."

"Na wewe," akauliza bibi mwenye bandeji, "unawafuga?"

"Sikuandika mimi."

"Kaandika nani?"

"Mwenye miwani."

Bibi Sindano akairudisha simu magotini. Dada yake alikuwa ameuliza swali lile lile ambalo yeye alikuwa akijiuliza jikoni, na wote wawili walikuwa wamejibiwa na mtu mmoja. Kisha akakumbuka. Alikumbuka ujio wa mwisho wa Dada Mkubwa: jinsi alivyokikalia kiti cha Mzee Miwani wiki tatu nzima, jinsi alivyofungulia televisheni mpaka majirani wakafuatilia tamthilia bila kuwa nayo, jinsi alivyomshinda Mzee Miwani karata mara kumi na moja mfululizo, akapiga mistari kumi na moja ya chaki nyuma ya mlango wa jikoni, akakataza isifutwe.

"Baba," akamwambia Mpokezi, "kama inasoma, je, inaandika?"

"Ongea tu, itaandika yenyewe."

Akamwonyesha pa kugusa. Bibi Sindano akainua simu kama jemadari anayehutubia majeshi. "Dada yangu, njoo. Sijakuchoka. Kunguni ni mmoja tu, nami namjua anapolala." Taka-taka. Ukaenda. Mpokezi akamfundisha kwamba vitufe vile vile huilaza sauti, naye akailaza, akaushona mfuko upya kwa mkono, mishono mirefu ya kufumuka upesi.

Alhamisi, simu kimya. Ijumaa, kimya. Bibi Sindano aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Huenda Dada Mkubwa amekasirika kweli. Miezi saba ya kukataliwa si kitu cha kufutwa kwa maneno machache. Aliitoa foronya kabatini, akairudisha, akaitoa tena.

Jumamosi alasiri, Mzee Miwani akiwa amejinyoosha katika kiti chake, goti likiwa zima kabisa, simu ikatetemeka. Bibi Sindano akaiokota, akampelekea kwa mikono miwili.

"Mume wangu, mboni ya macho yangu, nisomee."

Akaifuta miwani. Akakohoa. Akatazama, midomo ikamcheza, na rangi ikamtoka usoni kiasi ambacho hata mwenye mtoto wa jicho aliiona. Ukweli alikuwa ameushika mkononi. Lakini ulimi wake ulikuwa umeizoea njia yake kwa miezi saba, ukapita wenyewe.

"Dada yako. Anakusalimia."

"Na?"

"Mafua."

"Yamembana?"

"Safari hii kitandani hanyanyuki. Anasema mwaka huu usimtarajie kabisa."

"Masikini dada yangu. Hebu lete simu, una jasho mikononi."

Akafumua pindo kwa mvuto mmoja. Akavaa subana. Moja. Mbili. Tatu.

"Sauti imewashwa."

Mzee Miwani akaruka. "Nani huyo?"

"Karani wangu mpya. Kaa chini, baba, anataka kusoma."

Mguu ukakanyaga, kidole kikafuata, taka-taka, na sauti ya bati isiyojua aibu ikajaza chumba:

"Dada Mkubwa. Leo. Saa tisa na dakika ishirini. Mdogo wangu, nimeshashuka kwenye basi. Nina mabegi matatu na karata mpya. Mwambie shemeji aje anipokee kituoni. Kiti changu akiache wazi."

Pigeni vigelegele! Na iandikwe katika kumbukumbu za dunia, chini ya kuanguka kwa miji na juu ya uvumbuzi wa zipu, kwamba siku hiyo, katika chumba chenye kiti kimoja kizuri, mwanamke asiyeona herufi alisikia ujumbe wake mwenyewe wote, toka neno la kwanza hadi la mwisho, na hakuna aliyeukata njiani!

Bibi Sindano akavua subana, moja, kisha ya pili, akazipanga mezani. Nyuma ya mlango wa jikoni mistari kumi na moja ya chaki ilingoja wenzake.

"Ehe, baba," akasema kwa upole. "Na yale mafua?"

Mzee Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama kutafuta viatu chini ya kiti.

"Kumbe," akasema, "yamepona."