Siku Ngoja-Kwanza Alipochagua Rangi ya Kichwa cha Zipu

Enyi mliovaa majaketi, nanyi mnaotetemeka bila majaketi, wekeni vikombe chini, kwa maana leo inasimuliwa habari ya Mkuu wa Chumba cha Rangi, simba wa zinki, bwana wa madebe na mabirika, ambaye katika kiwanda cha zipu wote, hata mfagizi, walimwita Ngoja-Kwanza.

Shujaa huyu alikuwa hajapata kuchagua kitu maishani mwake. Mashati alichagua mkewe, mapazia mkewe, na hata daktari wa meno alipouliza ni jino lipi linauma, alijibu mkewe. Lakini asubuhi ya siku hiyo mkewe alicheka mbele ya chai, akasema, "Baba Watoto, si leo ndiyo siku ya rangi? Utanipigia simu saa ngapi?" Neno hilo likamchoma kama mkuki, naye akaapa kiapo kizito, mkate ungali mdomoni, kwamba leo hapigi.

Basi baraza likakutana. Mezani vilipangwa vichwa vya zipu vya zinki, vilivyomiminwa kalibuni na kuvishwa rangi mbalimbali, vikingoja hukumu. Na mteja, mama mwenye kiwanda cha majaketi, alikuwa ametuma neno: rangi mchague ninyi, adhuhuri anakuja kuchukua jibu, na asipolikuta anahamia kwa wengine.

Akainuka Afisa Mauzo, hodari wa ulimi, aliyevaa jaketi la majaribio. "Ndugu zangu! Nyekundu hii ya unga wa kuokwa imeshiba, inaonekana toka ng'ambo ya barabara! Nani atanunua rangi iliyokonda?" Na ili kuthibitisha maneno yake akapandisha zipu hadi kidevuni, zipu ikapanda kwa kulia, ikafika, ikakataa kushuka, maana rangi nene ilikuwa imeziba njia ya meno. Wakamvuta watu watatu, wakampaka sabuni, wapi! Jemadari wa mauzo akabaki kifungoni, jasho likimtiririka. "Lakini rangi si nzuri?" akauliza kwa unyonge.

"Ndugu yangu," akanena Ngoja-Kwanza, "zipu si ukuta! Yataka rangi nyembamba kama ganda la kitunguu, meno yapite yasijue kama kumepakwa kitu."

Hivyo nyekundu ikaanguka vitani. Zikabaki nyembamba mbili, kijani na buluu ya moshi, zote zikipanda na kushuka bila kelele, zote bei moja, zote imara. Hapo ndipo msiba ulipoingia, kwa kuwa hapakuwa tena na kipimo cha kumwokoa. Ilibaki apende moja tu.

Mkono wake wa kulia ukaanza kutambaa kuelekea mfuko wa simu. Wa kushoto ukaukamata. Ikapiganwa mieleka kali chini ya meza, mikono ya mtu mmoja, na huko nje gari la mteja likapiga honi getini.

"Mkuu," akanong'ona mtunza stoo, "si umpigie tu shemeji, twende tukale?"

"Nyamaza, mtunza stoo! Leo ni kufa na kupona!"

Akafumba macho. Akayafumbua, kwani kuchagua rangi kwa kufumba macho ni aibu hata kwa mashujaa. Akaona kwamba ile buluu anaipenda. Hakujua kwa nini. Aliipenda tu. "Buluu!" akanguruma, vikombe vikatikisika.

Mteja akaingia, akaitupia jicho. "Haya, sawa." Kisha akamgeukia Afisa Mauzo. "Na huyu, ana homa?"

Jioni shujaa akarudi kwake kifua mbele, akaweka kile kichwa cha zipu mezani, hata salamu hakutoa. Mkewe akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Sikuona simu yako."

"Nimechagua mwenyewe."

Mke akakitazama tena, akakunja pua. "Mimi nisingechukua hii, Baba Watoto."

Yule bwana akajawa na furaha ambayo hajapata kuijua tangu azaliwe, kwa kuwa sasa ilikuwa hakika kwamba rangi ile ni yake. "Hebu rudia," akamwomba. Mke akarudia.

Basi na iandikwe, wajue wote watakaofunga zipu baada yetu, kwamba usiku huo Ngoja-Kwanza alichagua mwenyewe hata upande wa kulala, akachagua ule ule wa siku zote.