Neno Alilopaza Optatus

Redio ya Tahiri imefungwa kwa mpira wa baiskeli, lakini taarifa ya habari ya mchana ilitoka bila kukwama: kampuni inayotafuta dhahabu bondeni, nje kidogo ya Newala, imegonga madini katika shimo lake la tatu, na hisa zake huko Ulaya zimepanda.

Kibaraza cha kahawa cha Bimdogo kililipuka. Mimi nauza katika duka la dawa lililo ukuta mmoja nacho, kwa hiyo dirishani kwangu halikupotea neno.

"Si niliwaambia!" Dunstan aliruka kutoka kwenye benchi. Anauza mitumba, wanamwita Mwekezaji. "Soko huria hilo! Mwakani hapa lami tupu, matajiri wa Masasi wanapanda huku kunikopa!"

"Hisa ndiyo nini?" aliuliza Bimdogo. Alikuwa anasuuza vikombe kwa maji yaleyale ya asubuhi, ambayo sasa yalikuwa meusi kuliko kahawa yenyewe.

"Kipande cha kampuni, mama. Mtu yuko Ulaya, shimo hajaliona, analinunua."

"Ana wazimu huyo. Hapa mashimo tunayo kuanzia sokoni hadi bomani, hakuna hata anayeuliza bei."

Tahiri alikohoa. Wanamwita Idhaa, maana huirudia redio kana kwamba yeye ndiye aliyeiandikia. "Tusikilizane. Wamesema ni dalili za awali. Mwanamke akitapika asubuhi siyo lazima awe mjamzito."

"Idhaa, una roho kama korosho iliyonyeshewa!"

"Na hiyo dhahabu, Mwekezaji, inaosha vikombe?" Bimdogo aliinua dumu, akalitikisa. Lilijibu kwa sauti ndogo sana. "Hili ndilo la mwisho. Vijana wa baiskeli wamenipandishia bei, na boza la maji la kampuni kila siku linapita hapa limejaa, linakwenda kumwagwa shimoni. Haya yakiisha, kesho sifungui. Nakwenda zangu Chidya kwa dada yangu, nikalime mihogo."

Benchi zima lilimgeukia. Bimdogo asipofungua, wale hawana pengine pa kukaa. Majumbani mwao kuna wake zao.

"Vumilia, mama," Dunstan alisema, sasa kwa upole. "Dhahabu ikitoka utaosha vikombe kwa soda."

Hapo akatokea Optatus, kibarua kwenye mtambo wa kampuni wa kuchoronga mashimo, tope mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Bimdogo."

"Marahaba, baba. Mbona hivyo?"

"Kibarua kimeota nyasi."

"Siku ya dhahabu?" Tahiri aliinua redio kama anayetoa ushahidi, akamsomea taarifa yote kwa kichwa.

Optatus alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani! Jana mimi ndiye niliyekuwa mdomoni mwa shimo. Kitu kikaruka, pwaa, usoni! Kiswahili kikanitoka chote, nikapaza sauti: 'Medi! Medi!'"

Kwa Kimakonde, medi ni maji.

"Karani wao katoka Dar es Salaam juzi tu. Kasikia 'madini.' Kakimbilia simu ya upepo. Kabla sijafuta uso, Ulaya wameshajua."

"Si ungemsahihisha!"

"Nimemsahihisha leo. Ndipo bosi akanifukuza. Anasema hisa zikishapanda haziteremshwi kwa Kimakonde."

"Na maji?" Bimdogo alikuwa amesimama, kikombe mkononi.

"Yanabubujika tangu jana. Safi, ya baridi. Wanasema yanawaharibia shimo. Saruji imeshashushwa, jioni wanaziba."

Bimdogo aliweka kikombe chini. Akaumwaga pale kibarazani uji mweusi wa maji ya beseni la kusuuzia, akajifunga kanga kiunoni. "Dunstan, dumu. Tahiri, ndoo hiyo."

"Kuna mlinzi pale, mama!" Dunstan alishika dumu kama mtoto wa mwenziwe. "Akituuliza tunachota nini?"

"Muulizeni yeye kinachotoka ni nini. Akisema ni maji, bosi wake kadanganya Ulaya. Akisema ni madini, mwambieni sisi tunataka ya kuoshea vikombe tu."

Akashika njia, Optatus mbele yake. Nilifunga dirisha, nikatoa ndoo iliyo chini ya kaunta, nikawafuata. Tahiri alikuwa ameiacha redio kwenye benchi, inaendelea kusifu madini peke yake. Yeye alikuwa anapita mlango kwa mlango akitangaza medi, na safari hii hakuna aliyesikia vingine.