Fundi Sikumpa Kitu

Jumatatu, 4 Machi

Gari limetoka gereji. Sevisi kamili: oili, filta, plagi, breki. Nimelipa bili yote papo hapo na kutia sahihi. Fundi akawa anaeleza mambo marefu huku akifuta mikono. Mimi nilikuwa naitazama kalenda yake ya ukutani, picha nzuri ya maporomoko. Akamaliza. Akasimama. Nami nikasimama. Akaniangalia mkono. Nikaingia garini. Akasema haya bwana, Mungu akutangulie.

Nimefika nyumbani ndipo kijasho chembamba kikanitoka. Alikuwa anasubiri bahshishi! Pesa ya soda! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, humpa pesa ya soda kila fundi anayemgusia gari, na mlangoni huagwa kwa saluti. Mimi nimetoka mkono mtupu. Na Mungu anitangulie wapi? Huyu fundi anajua nini kuhusu ninakokwenda?

Maana Ijumaa nampeleka mama mkwe hospitali kufunguliwa jicho alilopasuliwa. Njia ni moja: ule mteremko mrefu, na chini yake mzunguko unaojaa malori. Shemeji alitaka kumpeleka yeye. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba mama atakwenda na mimi, na atarudi na mimi.

Naandika kwa kalamu mpya ya wino wa kijani. Nzuri sana. Sijui nimeitoa wapi.

Jumanne, 5 Machi

Nimepita mbele ya gereji mara tatu, kuona uso wa fundi. Mara ya tatu alinipungia spana. Spana! Watu hupunga mkono. Mke wangu kasema mtu aliyeshika spana apunge nini, kijiko? Hanielewi.

Ofisini nimefanya uchunguzi kwa siri. Mhasibu kasema fundi wa gari hapewi bahshishi, kazi yake imo kwenye bili. Roho ikatulia. Kisha mama wa mapokezi, bila kuinua macho, akasema usipompa fundi kitu, gari litashughulikiwa. Nikamuuliza kushughulikiwa ndiyo kufanywaje. Akaendelea kugonga mihuri.

Chakula cha mchana nimekula dirishani, nikililinda gari kwa macho.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwisha!

Asubuhi nimefungua buti ya gari niweke mto wa mama mkwe. Nikakuta boksi. Ndani, vimefungwa kwa gazeti: vyuma vinne vyembamba vyeusi, plagi nne, filta moja. Vitu vya gari langu! Kaving'oa! Na kavificha humo humo garini, ili ushahidi uangamie pamoja nami. Nilikaa chini kwenye kokoto.

Mke wangu kaja na beseni la nguo. Kauliza breki zinashika au hazishiki. Zinashika, nikamwambia, na hapo ndipo ujanja wake ulipo: zitashika mpaka siku ya mteremko. Kasema si niende nimuulize fundi mwenyewe. Nimuulize? Anayetaka kuniua? Akaenda kuanika nguo zake.

Ningeweza kumwachia shemeji safari. Nimelifikiria hilo kwa dakika nzima. Kisha nikaliona akilini lile tabasamu lake la upande mmoja. Heri mteremko.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata dawa. Fundi wa pili! Yuko upande wa pili wa mji, chini ya mabati matatu. Nimekwenda kwa gia ya kwanza, taa za dharura zikiwaka. Shemeji akanipita, akateremsha kioo, akauliza nasindikiza maiti ya nani. Nikajitia sijasikia.

Safari hii sikufanya kosa. Bahshishi nimetoa kwanza, hata spana haijainuliwa. Nono! Fundi wa pili akaniita mheshimiwa. Nikampa boksi, nikamwamuru arudishe kila kitu mahali pake. Akafungua gurudumu, akachungulia, akakuna kichwa. Akasema mheshimiwa, humu ndani mna pedi nyingine za breki, tena mpya kabisa. Nikamwambia hizo ndizo mtego. Akasema lakini hizi za kwenye boksi zimekwisha, chuma kimebaki kitupu. Nikamwongeza kidogo. Akaacha kusema lakini.

Zile mpya nimemwachia. Alifurahi mno, akanisindikiza mpaka barabarani.

Breki sasa zinalia. Fundi wa pili kasema zinazoea. Hata hivyo kesho ndiyo Ijumaa.

Ijumaa, 8 Machi

Niko hai. Nianze na hilo.

Mama mkwe alikaa mbele, jicho moja limefungwa bandeji, mkoba mapajani. Shemeji akatufuata nyuma na gari lake, eti endapo lolote litatokea. Kabla ya mteremko nilijipiga moyo konde. Tulipoanza kuteremka nikakanyaga breki. Sauti ikatoka ya chuma kwa chuma, meno yakaniuma, na gari halikunisikia. Nikakanyaga tena. Likazidi kwenda! Chini naona malori yanazunguka. Nilimwita Mungu, nikamwita mama yangu aliyekwisha fariki, nikamwita fundi, nikamwahidi bahshishi kwa sauti kubwa. Mama mkwe akauliza nazungumza na nani.

Kisha akasema, kwa upole kabisa, teremsha gia, mwanangu. Sikuweza. Mkono uliganda. Akaishika gia yeye, akaniambia nikanyage klachi, akairudisha ya pili, injini ikapiga ukelele, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo. Huyu mama aliendesha lori la maziwa miaka kumi na minane kabla sijamjua binti yake. Na leo kwa jicho moja! Tuliingia kwenye rundo la mchanga wa watu wanaojenga, hatua chache kutoka kwenye mzunguko. Tukasimama.

Nililia. Sioni aibu kuandika. Ningemuua mama wa watu. Alinishika bega mpaka pumzi ikarudi, akanipa leso yake.

Halafu akashuka, akaingia gari la shemeji, wakaenda hospitali. Shemeji alitabasamu tu, upande mmoja.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu kamwita fundi wa kwanza bila kuniuliza. Kalivuta gari mpaka gereji, kafungua gurudumu, kisha kakaa kitako sakafuni. Kauliza nani kazirudisha pedi za zamani.

Za zamani!

Kasema yeye kila anachobadilisha hukiweka kwenye buti ya mteja, ili mteja aone kwa macho yake kwamba hakuibiwa. Kasema alinieleza yote hayo Jumatatu. Nilikuwa kwenye maporomoko ya kalenda.

Na kule kusimama? Na kuniangalia mkono? Alikuwa anasubiri kalamu yake. Ya wino wa kijani. Niliondoka nayo baada ya kutia sahihi, naye aliona haya kuidai.

Nikatamani ardhi inimeze. Nikatoa bahshishi, kubwa kuliko ya fundi wa pili. Akaurudisha mkono wangu taratibu. Kasema nilipe pedi mpya tu, maana kazi alishalipwa. Jumatatu angetosheka na asante. Kalamu nikae nayo, ananipa.

Nilishukuru sana, moyoni. Kwa mdomo nilisahau.

Jumapili, 10 Machi

Jicho la mama linaona vizuri. Kesho kutwa anarudi hospitali, na kasema ataendesha yeye. Tumekubaliana nitakaa kando yake na kunyamaza.

Lakini nimewaza tangu nilipoamka. Mtu gani hukataa pesa ya soda? Na kalamu nzuri hivi, aniachie bure? Anataka nini?

Nikaenda kufungua buti. Boksi jingine! Juu yake fundi kaandika kwa herufi kubwa: VYA ZAMANI. USIRUDISHE.

Mtu asiye na la kuficha hawezi kuandika kwa herufi kubwa namna ile. Na safari hii anayetegwa ni mama mkwe, mtu aliyeniokoa maisha! Siwezi kukaa nikatazama.

Kesho mapema naenda kwa fundi wa pili. Bahasha nimeshaiandaa.