Upepo Hauna Vidole

Dhoruba ya theluji ilipotulia mjini Winnipeg alfajiri ya Jumanne, watu wengi waliona kazi ya koleo. Garnet Yaremko aliona riziki. Mafundi wote wa mitambo ya joto walikuwa wameshikwa na kazi hadi Ijumaa, na baridi ilikuwa nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri. Mwenye nyumba baridi hana subira ya kuulizia bei.

Garnet hakuwa fundi. Hatusemi hivyo kwa kumdharau. Hata yeye alijua. Alikuwa na gari jeupe lenye maandishi ya buluu na namba yake ya simu, ovaroli safi, na ujuzi mmoja. Tanuru la kupashia nyumba joto hupumua kwa bomba linalotokeza ukutani nje, kimo cha goti. Bomba likiziba, tanuru hujizima lenyewe kwa usalama. Basi alfajiri ile Garnet alipita mtaa mmoja wa Elmwood akashindilia theluji kwenye mabomba ya nyumba saba. Saa nne asubuhi akarudi kugonga milango. Angeshuka chumba cha chini lilipo tanuru, agongegonge bati, atoke nje "kukagua", achomoe theluji, tanuru liwake, apokee pesa.

Alianza kwa Justina Loewen, mjane wa miaka sabini na tisa, aliyefungua mlango akiwa amevaa koti.

"Habari za asubuhi, mama. Nilikuwa napita, nikaona bomba lako halitoi mvuke. Kwema?"

"Mungu amekuleta, mwanangu! Tanuru limezima. Na hapa nina dola elfu moja na mia nne tu kwenye kopo la kahawa, nauli ya kwenda Abbotsford kumwona kitukuu wangu wa kwanza."

Garnet alisikitika uso mzima. "Pole sana, mama. Kuna kifaa kimeungua. Dola elfu moja na mia tatu. Utabaki na ya chai."

"Umejuaje kimeungua, na bado uko mlangoni?"

"Uzoefu, mama."

"Haya. Ila marehemu mume wangu, Isbrand, aliacha kadi ya mambo ya kukagua. Alisema fundi asiguse senti mpaka kadi iishe. Au utabishana na marehemu?"

Garnet alikuwa na kanuni chache, lakini moja ilikuwa hii: usibishane na marehemu kabla pesa hazijatoka.

Wakaanza. Kidude cha ukutani cha kupangia joto: kimewekwa kwenye joto, si kwenye ubaridi? Betri zake nzima? Garnet akatoa betri kwenye tochi yake akaziweka. Sanduku la umeme: hakuna swichi iliyoanguka. Chujio la hewa lilikuwa limeota manyoya kama kondoo. Akaleta jipya kutoka garini, lile alilokuwa akilibeba kwa ajili ya sura tu. Kisha matundu ya sakafuni, ambamo hewa ya joto hupandia. Moja lilikuwa chini ya sofa, la pili chini ya kabati la vyombo.

"Kabati nalo, mama?"

"Isbrand ameliandika. Na sahani uzitoe kwanza, ni za harusi."

Katikati wakanywa kahawa, kwa mikate midogo ya vichwa viwili, donge juu ya donge, na jamu. Baada ya muda wa saa tatu nzima, Garnet akapangusa jasho. "Sasa ngoja nikague nje," akasema, kwa sauti ya mtu anayefika nyumbani.

Bomba lilikuwa tupu. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Safi kabisa. Ujuzi wake wote ulikuwa umeyeyuka.

"Iko wapi?" akasema kwa sauti.

Dirisha likafunguka juu yake. "Iko wapi nini, kijana?"

"Theluji." Neno lilikwishatoka.

"Niliitoa saa moja," akasema Justina. "Baada ya dhoruba, kadi huanzia kwenye bomba. Wewe nimekuanzishia mwisho. Ilikuwa imeshindiliwa vizuri, na alama za vidole vinne. Upepo wa huku una vituko vingi, mwanangu, lakini hauna vidole."

"Na mbona tanuru haliwaki?"

"Nimelizima nilipoliona gari lako. Swichi yake iko pale juu ya ngazi, ina kibati chekundu. Umepita hapo mara sita."

Garnet, kama mtu anayeheshimu ukweli unapomzidi nguvu, alikimbilia gari lake. Gari lilikoroma kama mzee aliyeambiwa ainuke, kisha likanyamaza. Mtu wa Winnipeg huchomeka injini yake kwenye umeme kama simu, isigande kwa baridi. Garnet alikuwa amelizima gari akiamini kazi ni ya dakika ishirini.

Justina akatoka na waya mrefu wa njano mkononi. "Likikaa kwenye umeme muda wa saa tatu, litawaka. Umeme ni wangu."

"Bei gani?"

"Nyumba sita. Nimehesabu sasa hivi mabomba yasiyotoa mvuke."

"Zipi hizo?"

"Unazijua kuliko mimi. Anza kwa akina Penner, wana mtoto mchanga. Toa theluji, safisha chujio, waonyeshe kadi yote. Hupokei senti, na mimi niko nyuma yako."

"Na nikikataa?"

"Kituo cha basi kile. Ila kwa baridi hii, hivyo viatu vyako havifiki."

Akaenda. Nyumba ya kwanza aliieleza kadi kwa kunung'unika. Ya nne alikuwa akiinua kidole kama mchungaji: "Msiite fundi kabla ya kuangalia haya!" Tusimsingizie wema, alikuwa akipasha mwili joto. Watu walimshika mikono, wakampa supu.

Jioni gari liliwaka. Justina akakunja waya wake, akaingia ndani kupanga sanduku la safari.

Garnet alikuwa darajani simu ilipolia. Mwanamume wa ng'ambo ya mto: tanuru limezima, watoto wanatetemeka, fundi hapatikani. "Nitalipa chochote, kaka. Chochote."

Garnet akafungua mdomo ataje bei.

"Umeangalia bomba la nje?" akasema.

Mlango. Nyayo zikikwaruza theluji. Kisha kelele za shangwe.

"Limewaka! Ubarikiwe, kaka!"

Simu ikakatwa.