Nani Atakuwa Maiti wa Inspekta Krag?

Jumatatu, 3 Machi

Wanakuja! Wanakuja kwetu! Msimu wa mwisho wa tamthilia ya Inspekta Krag utapigwa picha hapahapa Strandlev, kwenye bandari yetu, kwa upepo wetu na harufu yetu ya samaki. Niliisoma habari gazetini nikiwa dukani, nikapiga ukelele hadi mteja akaangusha miwani aliyokuwa anaijaribu. Nikamkumbatia.

Tena kuna kubwa zaidi. Wanatafuta mwenyeji mmoja awe maiti. Atalala gatini, na Signe Holtgaard mwenyewe, Inspekta Krag wetu, akiwa na lile koti lake la kijani, atapiga magoti amfumbe macho kwa mkono wake. Kwa mkono wake! Nani anastahili kama si mimi, Preben Aagesholm, mwenyekiti wa chama cha mashabiki?

Karna, mke wangu, kasema kazi itanifaa sana, maana siku za Jumapili pale kwenye kochi huwa sitikisiki. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Vibeke Thorup naye anataka kuwa maiti! Katibu wangu! Yule mwenye duka la keki, aliyejishonea koti la kijani kisha akatangaza kuwa la kwangu limekaa kama hema. Leo mkutanoni kaniambia mbele ya wanachama wote, “Mwenyekiti, wewe kanisani tu hunyamazi, utanyamazaje ukishakufa?” Wakacheka. Hata mchungaji. Nikamjibu kwa ukimya wa dharau. Haukudumu.

Nimeanza mazoezi. Nimelala kwenye bafu, maji ya baridi, macho wazi. Nilikuwa nimekufa vizuri mno. Karna akaingia kuchukua taulo, akanitazama, akasema nikishafufuka nitoe takataka nje. Hakushtuka hata kidogo! Nadhani ni miwani. Maiti havai miwani.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata hila. Tamu! Usaili ni kesho kwenye ukumbi wa manispaa. Nimempigia Vibeke simu, kwa upole kabisa, nikamwambia usaili umehamishiwa hoteli ile kuukuu ya ufukweni. Huko unakwenda kwa baiskeli, upepo unakuchapa usoni mwanzo mwisho. Akanishukuru. Akaniita Preben mwema. Sikuona haya. Labda kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Balaa tupu!

Ukumbini nilimkuta msaidizi peke yake, binti mwenye mafua. Akanipiga picha moja, akasema asante. Nikalala sakafuni bila kuombwa, nimwonyeshe. Akaniruka, akaenda kujimiminia kahawa.

Na mwongozaji mwenyewe alikuwa wapi? Hoteli ya ufukweni! Anakula mkate mweusi na samaki wa siki! Vibeke kaingia hana pumzi, uso umekuwa wa bluu kwa baridi, kajitupa kitini kama gunia. Mwongozaji kaachia uma. “Huyu! Huyu ndiye maiti wangu!”

Jioni kaniletea boksi la keki. Bila mimi, kasema, asingepata nafasi ile. Machozi yakimlengalenga! Nimezila zote kwa hasira. Ni nzuri, jambo linaloniumiza zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya siku!

Mpango ulikuwa hauna dosari. Maiti akipiga chafya, si maiti tena, na hapo watahitaji mwingine upesi. Basi nikajipaka unga usoni, nikajificha nyuma ya makreti ya samaki, na kopo la pilipili manga mfukoni. Vibeke alikuwa amelala gatini, ametulia. Lazima nikiri: alikuwa maiti bora. Signe akaja na koti lake. Akapiga magoti. Akanyoosha mkono. Nikafungua kopo.

Upepo ukageuka.

Pilipili yote puani kwangu! Nikapiga chafya, nikarudi nyuma, nikapiga nyingine, na gati likaisha. Majini! Baridi ya kukata roho! Nikasikia mtu anapiga mbio. Signe Holtgaard alikuwa amelala kifudifudi ukingoni, mkono wake umenikamata ukosi.

“Shika, mzee! Usiniachie!”

Nikamwambia mimi ni mwenyekiti wako. Akaniambia nifunge mdomo nisije nikanywa bahari.

Halafu maiti akafufuka! Vibeke aliruka, akang'oa boya ukutani, akanirushia. Likanipata utosini. Lakini lilikuwa boya, na nililishika. Wakanivuta wote wawili. Signe akavua koti la kijani, akanifunika. Mimi! Kamera zilikuwa zinarekodi muda wote. Mwongozaji alikuwa analia. Nilidhani ni hasira. Kumbe furaha! Kasema hajaona mtu akizama kwa ukweli kama ule, na kipande hicho kitabaki vilevile: mimi nitakuwa shahidi anayeokolewa. Vibeke akarudi kufa upya.

Nimeingia kwenye Inspekta Krag! Nikiwa hai!

Jumapili, 9 Machi

Mafua makali. Mji mzima umepita kunisalimia. Karna anawafungulia mlango na kuwaambia wasinishangilie sana, nitaanguka tena.

Vibeke naye kaja. Akakaa kando ya kitanda, akasubiri Karna atoke. “Pilipili, Preben? Kweli kabisa?” Aliliona kopo! Macho yake yalikuwa bado hayajafumbwa. Nikamuuliza mbona basi alinirushia boya. Akasema chama bila mimi kingekuwa kimya mno. Hatamwambia mtu. Nikamshika mkono, nikaapa: hila basi. Mwisho.

Jumatano, 12 Machi

Habari kubwa! Wanorwe wanaanza tamthilia mpya ya milimani, na wanatafuta mtu wa makamo wa kupanda farasi. Nimewaandikia papo hapo kwamba nimepanda tangu utotoni. Farasi ni mnyama mpole, nimewahi kumwona mmoja kwa karibu.

Vibeke kapita dukani, kauliza kama nimesikia lolote kutoka Norwe. Nikamwambia ndiyo, bahati mbaya wanataka wenye vipara tu. Na mimi nimeshachaguliwa.

Akazitazama nywele zangu muda mrefu. Akatabasamu, akaondoka.

Kesho asubuhi, kabla ya kufungua duka, nakwenda kwa kinyozi.