Nimekuwa Kiziwi Ili Nibaki Mjini

Jumatatu, tarehe 6

Mwalimu, andika kama ninavyosema, usininyooshee maneno. Anayeandika ni mwalimu wa chekechea, mpangaji wa chumba cha pili. Mimi kusoma sijui, lakini mambo ninayo.

Jana mwanangu kaja. Kajenga nje ya mji, anataka nihamie kwake Jumamosi. Eti kelele za hapa zitanimaliza. Kelele gani? Nikiamka nasikia mafundi wa gereji wanagonga bati, muuza sumu ya panya anapita na kipaza sauti chake, na chini ya dirisha langu muuza ndoo, tunamwita Redio, anatangaza nani kagombana na nani. Hapo najua kumekucha na mji uko hai. Kwa mwanangu nililala mara moja. Kimya, mpaka nikasikia tumbo langu linavyofanya kazi. Nikajua ndiyo nimekufa.

Nimepata akili. Kiziwi anaumizwaje na kelele? Kuanzia kesho sisikii.

Jumanne, tarehe 7

Uziwi mtamu! Watu wanasema mbele yako kama wewe kiti. Redio kamwambia fundi cherehani kwamba mimi na umbea ni chanda na pete. Yeye! Redio mzima! Nikameza. Nikamchekea kama mtoto mchanga.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, kabati. Fundi saa wa ghorofa ya mbele, dirisha lake linatazamana na langu, kaletewa kabati la kioo. Limepandishwa kwa kamba, likaingizwa dirishani, vijana wanatukanana huku na huku. Mtu mwenye mashati mawili, anaishi peke yake tangu nimjue! Kioo cha nini? Redio anajua, nimemwona usoni. Na mimi siwezi kumuuliza. Kiziwi akiuliza, jibu atalisikiaje? Hili sikulifikiria.

Jumatano, tarehe 8

Fundi saa kanunua ndoo kwa Redio. Ndoo ya waridi! Wakanong'onezana. Nikainama dirishani mpaka Mwalimu akanishika gauni. Sikuambulia kitu. Mwalimu, usicheke, andika.

Alhamisi, tarehe 9

Balaa. Mwanangu kaja kunitazama, nikamwonyesha masikio, nikatikisa kichwa. Kanipigia kelele sikioni kwa mapenzi, sikutikisika. Nilicheza vizuri sana! Akamgeukia Mwalimu, macho yamemjaa machozi. Kasema kelele za mji zimeshanila masikio, sasa hata Jumamosi ni mbali, anakuja na gari kesho.

Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa sijasikia.

Ijumaa, tarehe 10

Gari limekuja. Mizigo imeshushwa mpaka mlangoni, godoro langu limelala juu ya gari watu wanalitazama. Hakuna aibu kama godoro lako mchana. Redio kaja kuniaga, kanishika mkono, kumbe anaongea na mwanangu. Kamwambia masikini mama yako anaondoka na uhondo unaingia, fundi saa anaoa, bibi harusi anafika Jumapili. Tena si mgeni, aliwahi kukaa nyumba hii hii, ni yule…

Gereji wakagonga bati. Jina likazama.

"Nani?" nikasema.

Watu wote wakanigeukia. Mwanangu kanitazama, miye natazama godoro.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia nusu."

Nilidhani atafoka. Kakaa juu ya sanduku langu, kashika kichwa. Akauliza kwa upole kwa nini nimemtesa hivi, yeye kajenga chumba changu kikubwa, chenye choo chake. Uongo ukaniishia.

"Kule kwako, mwanangu, nikisikia kitu nitamuuliza nani?"

Akaanza kucheka, cheko la baba yake lile la mabega. Akasema sawa, nikae. Nikae mpaka nimjue huyo bibi harusi. Nikishamjua, roho imetulia, nitafunga mizigo bila maneno. Nikakubali mbele ya watu, tukashikana mikono. Godoro likarudi juu chumbani.

Nilipofika ngazi ya pili ndiyo nikaelewa nilichokubali.

Jumapili, tarehe 12

Nimeziba masikio kwa pamba tangu asubuhi. Redio kaja mbio na jina mdomoni, anakaribia kupasuka, nikamfungia mlango. Kanichekea nje, nikamsikia hata kwa pamba, kasema siwezi kuvumilia, nitamfuata mwenyewe kabla jua halijashuka. Hanijui.

Bibi harusi kaingia mchana. Nimekaa nimegeukia ukuta, shingo inauma. Kisigino kimoja tu nimekiona, kilipita kwenye kioo cha kujitazamia alichoshika Mwalimu, si kosa langu. Kisigino ninachokifahamu! Jina liko ulimini. Mwalimu, usiniambie. Hebu niambie herufi ya kwanza tu. Hapana, acha, herufi nazo sizijui.

Wanasema kesho bibi harusi atakaa dirishani kwake, anitazame. Basi na macho nayo yaende likizo. Kesho naanza upofu.

Pazia nitaliacha wazi kidogo tu, kwa ajili ya hewa.