Nilivyoujaribu Mtambo wa Maji kwa Kichwa Changu

Leo nimeaibika mbele ya jengo zima, nikiwa na sabuni kichwani.

Tunaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya nne. Maji yetu ni ya kisima, tena magumu. Sabuni haitoi povu, inaganda tu juu kama utando wa maziwa. Mwenye nyumba amekubali kutuwekea mtambo wa kuyatibu. Mmoja tu, na hatabadilisha. Wapangaji wakaniachia mimi nichague. ("Wewe si ulienda yunivasiti?" Nilienda. Nilisoma historia.)

Wiki iliyopita alikuja fundi Wafula na mtambo wa kulainisha maji. Akasema lazima utiwe chumvi kila mara.

"Maji yenyewe ni ya chumvi, halafu tuongeze nyingine?" nikamuuliza.

"Mzee, hiyo chumvi ni ya kuosha mtambo. Haiendi kwa maji yenu."

Nikamsindikiza hadi getini, kwa heshima zote, nikitabasamu.

Mimi nilipenda chujio la mkaa. Lina mitungi mitatu inayong'aa. Nikaazima moja dukani, na leo asubuhi nikalijaribu jikoni. Nikapitisha ndoo nzima ya maji, nikanawa. Povu! Povu hadi kwenye viwiko! Nikaita mkutano uani papo hapo.

Walikuja wote. Mama Achieng, mwenyekiti wetu, akaketi mbele. "Haya Profesa, tuonyeshe."

Ningenawa mikono tu, yangeisha. Lakini mimi huyo, nikavua shati. Nikaunganisha chujio na bomba la kisima, nikajimwagia, nikajipaka sabuni kichwani na ndevuni. Nikasugua. Nikasugua tena. Sabuni ikafanya mabonge.

"Povu iko wapi?" akauliza Mama Achieng.

"Inakuja."

"Inatoka Mombasa?"

Mke wangu, Nduku, alikuwa akitazama kutoka roshani. "Baba Mutua! Asubuhi ulitumia ndoo gani?"

"Ile ya buluu!"

"Woi! Hayo ni maji ya kunywa! Nilinunua jana kwa mkokoteni!"

Kumbe chujio langu lilipewa maji laini, likayarudisha yakiwa laini. Kwa uaminifu kabisa.

Sijui nani alianza kucheka. Najua hakuna aliyebaki. Mama Achieng alipangusa machozi, akatoa simu, akampigia Wafula palepale: "Fundi, kuja na ile mashine yako. Profesa amemaliza utafiti."

Kisha akaomba wanaoutaka mtambo wa Wafula wainue mikono. Ikainuka yote. Wangu pia, ukidondosha mabonge.

Najua mtacheka. Sawa. Lakini kwanza mmoja wenu aniletee maji ya kununua, maana haya ya bomba yamekataa kunisuuza, na Nduku amefungia ile ndoo ya buluu chumbani.